Tundu la Tatu

Mama yangu hapendi kuitwa fundi wa feni. Ukimwita hivyo atakutazama juu ya miwani akwambie, "Feni inapepea tu. Mimi nasuka mota." Basi ujue siku hiyo feni yako itasubiri nyuma ya pampu za maji na nyuma ya mashine za kusaga, mpaka adabu ikurudie.

Nimefanya kazi naye miaka ishirini na moja, katika chumba kimoja chenye milango miwili. Wa mbele unatazama barabara, wa nyuma unatazama ukuta. Mezani kuna roli za waya wa shaba, kopo la vanishi, kisu kilicholiwa na tupa mpaka kimebaki kijiti, na kopo jingine la maharagwe makavu. Maharagwe hayo si ya kula. Mama akisuka koili, kila mizunguko mia anahamisha punje moja kutoka kwenye kopo kwenda kwenye kisahani. Kihesabio cha mashine hakiamini. Anasema mashine haiogopi kukosea, kwa hiyo itakosea. Mimi natumia kihesabio, na tumegombania jambo hilo tangu nikiwa msichana. Simwachii, na yeye haniachii.

Jambo la pili la kujua ni kwamba mama ni wa shoto. Utotoni walimpiga fimbo za mkono huo, wakaufunga kwa kitambaa, wakambembeleza kwa peremende, wapi! Aliwaambia mkifunga mkono huu nitakula kwa mguu. Wakamwacha. Ana miaka sitini na tisa sasa, na kila mteja mpya anayemshangaa akishika koleo kwa kushoto anapata jibu lake, wala halirudii.

Sasa ngoja nikwambie habari ya gitaa.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Akaingia mwanamume wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mkononi sanduku jeusi refu. Akajitambulisha kuwa ni mwana wa Kepteni. Watu wa rika la mama wote wanamjua Kepteni. Alikuwa kiongozi wa bendi iliyopiga dansi katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli kila Jumamosi, miaka nenda miaka rudi. Hakuwahi kuongoza meli wala ndege, alivaa kofia tu. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya siku hiyo.

"Mama, shikamoo," akasema yule mwana.

"Marahaba. Sanduku liweke chini, meza ina vanishi."

Akaeleza kwamba anafungua chumba cha kumbukumbu ya baba yake. Vyombo vyote vya bendi vitatundikwa ukutani, wageni wataalikwa, na ufunguzi ni Jumamosi. Gitaa la besi lilikuwa limekutwa darini kwenye nyumba ya familia. Alikuwa amemwita mthamini wa vyombo vya zamani, na mthamini akamwandikia karatasi nzima ya kasoro. Pikapu moja, kati ya vile visanduku viwili vilivyo chini ya nyuzi vinavyodaka sauti, ilikuwa imekufa kabisa.

"Nimeambiwa mwenye mkono wa waya mwembamba ni wewe peke yako hapa," akasema. "Nataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Kila kitu kilichochezewa kiondolewe, kila tundu lizibwe."

Akafungua sanduku. Gitaa lilikuwa jeusi, rangi imebanduka pembeni, nyuzi zimeota kutu. Mimi nilimtazama mama, kwa sababu alikuwa ametia mkono wake wa kushoto kwenye mfuko wa aproni. Mama hafichi mkono ule hata mbele ya hakimu.

"Nani alikuwa anapiga besi hii?" akauliza.

"Baba yangu mdogo. Huyu hapa." Akatoa jalada la santuri lililotiwa kwenye fremu. Wanaume sita wamevaa makoti ya kung'aa, nyuma yao ngoma kubwa yenye jina la bendi, na katikati kijana anacheka, besi kaipakata. "Hii ndiyo itakayokaa juu ya gitaa. Watu waone chombo na mwenyewe."

Mama akaitazama picha ile mpaka yule bwana akaanza kuangalia saa.

"Mpiga picha alijitahidi," mama akasema. "Njoo Ijumaa."

Alipotoka, mama akaniambia nifunge mlango wa mbele. Mlango ule haufungwi mchana hata mvua ikiingia mpaka chini ya meza. Nikafunga.

"Nisomee karatasi ya huyo mthamini," akasema.

Nikaanza. Kwanza, rangi si ya kiwandani.

"Ni ya geti. Lilibaki kopo nusu."

Nikanyanyua uso. "Geti gani?"

"Soma, wewe."

Pili, jina la kiwanda limekwanguliwa kichwani, hivyo aina ya gitaa haiwezi kuthibitishwa.

"Nililikuta limekwanguliwa. Aliyenipa alikuwa na sababu zake, na mimi sikumuuliza."

Hapo nikaacha kusoma. "Mama, unasema nini?"

"Nasema soma. Au macho yamekuingia utosini?"

Nikasoma. Kipande cheupe kilicho mwisho wa shingo, pale nyuzi zinapopita kwenda kwenye vikazio, si cha asili. Ni mfupa, na kimechongwa vibaya, maana njia ya uzi mnene imewekwa mahali pa uzi mwembamba.

"Vibaya!" Mama akapiga meza, punje za maharagwe zikaruka. "Mfupa wa ng'ombe, nimeusugua siku tatu mpaka ncha za vidole zikachubuka. Vibaya! Mimi nikishika gitaa, kichwa kinakwenda kulia. Nyuzi zisipogeuzwa, nitapigia nini, pua?"

Basi nikaelewa, nikakaa kwenye mota ya pampu ya mtu. Karatasi iliendelea. Mkwaruzo wa mkono wa mpigaji uko upande usiotarajiwa. Pembe ya chini ina tundu lililoongezwa la kitufe cha mkanda. Mama akawa anajibu kila mstari kama mtu anayeitikia jina lake. Nikafika mstari wa mwisho: tundu la tatu, nyuma, karibu na maungio ya shingo, sababu yake haijulikani, lizibwe.

Hilo hakulijibu. Akatoa mkono wa kushoto mfukoni, akaliinua gitaa kutoka kwenye sanduku, akaligeuza, likamkalia kifuani.

Ujue nilikuwa sijui. Miaka arobaini na mitatu nimekaa na mama huyu, nimekula naye, nimegombana naye, na sikujua. Nilijua ule wimbo mkubwa wa bendi ya Kepteni ukipigwa redioni, mama anazima. Nikadhani hapendi muziki. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nalala chumba kimoja na kovu bila kulijua.

Akanihadithia palepale, mlango umefungwa, wateja wanagonga na kwenda zao.

Alikuwa na miaka kumi na saba, anasuka mota katika karakana ya reli, mwanamke peke yake. Mtu mmoja akaleta pampu iliyoungua, na katika kupiga soga akasema ana gitaa la besi bovu, koili ya pikapu ya chini imekatika. Wakaelewana: mama amsukie pampu, yeye ampe gitaa. Mama hakuwa amewahi kushika gitaa. Alitaka kujua tu kama koili ndogo kiasi kile inasukika. Waya akautoa kwenye transfoma ya redio mbovu, mwembamba kuliko unywele, ukikohoa unakatika. Ulikatika mara kumi na moja. Akahesabu kwa maharagwe, mizunguko elfu saba na mia nne.

Ila alikosea. Mkono wake wa kushoto ulizungusha waya kinyume na kiwanda. Kila pikapu ikipigwa peke yake ilisema vizuri, lakini zikifunguliwa mbili pamoja, sauti ilikuwa nyembamba kama nzi kwenye chupa. Wenzake karakanani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakutaka kuufumua waya ule, maana aliutolea machozi. Akatoa sumaku ya pikapu yake, akaipindua chini juu, akairudisha.

"Sauti ikajaa," akaniambia. "Na mlio wa umeme ukafa. Unaujua ule mngurumo wa spika, mmmm, kwenye kumbi zenye nyaya mbovu? Kwangu, kimya. Bendi zote zilikuwa zinanguruma kabla ya kupiga, mimi sikuwa nanguruma."

Kepteni alisikia habari hiyo akaja karakanani kutafuta fundi. Akamkuta fundi anajifundisha wimbo wake, na anaupiga kuliko wenyewe. Akamchukua. Miaka tisa mama alipiga besi katika ile bendi, ila alikaa nyuma ya amplifaya, kwenye kiti. Kepteni alisema mwanamke wa kusimama mbele ni mwimbaji tu. Bendi walimwita Shoto. Siku ya kupiga picha ya santuri Kepteni akamwambia, mpe mdogo wangu gitaa alishike, picha ni biashara. Huyo mdogo alikuwa mpiga manyanga.

"Na ukampa?"

"Nikampa. Nilikuwa nadhani ni picha tu."

Halafu akaniambia habari ya tundu la tatu, na mimi nikalia, si kwa huzuni, kwa hasira. Sitaisema hapa. Nitaisema mahali pake.

Mwishowe gitaa lilichukuliwa. Jumamosi moja alifika ukumbini akakuta yule mpiga manyanga kashalivaa. Kepteni akamwambia kitu hiki ni cha bendi, mama akasema ni changu, Kepteni akasema lete karatasi. Karatasi ya pampu? Akarudi nyumbani mikono mitupu. Mpiga manyanga hakuliweza, maana nyuzi zote kwake zilikuwa kinyume, na hakuwa na akili ya kuzigeuza. Baada ya miezi miwili wakaazima besi nyingine, na ya mama ikatupwa darini. Miaka arobaini na mitatu, panya wanapita juu yake.

"Tusimrudishie!" nikasema. "Wallahi mama, aje na polisi, aje na jeshi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni!"

"Kwanza tulitengeneze," akasema. "Usigombanie chombo kilichokufa."

Siku nne tulifanya kazi hiyo, mota za watu zimekaa pembeni. Tukafungua pikapu zote mbili. Nikazipima, na ile iliyokufa ilikuwa ya kiwanda. Ya mama ilikuwa nzima! Ametoa waya kwenye redio mbovu, amehesabu kwa maharagwe, amesuka kinyume, na bado inasema. Na kwenye karatasi mthamini ameandika kwamba hiyo ndiyo itolewe. Mama alicheka mpaka akavua miwani.

Tukaisuka upya ile ya kiwanda. Yeye anazungusha, safari hii kwa upande wa kiwanda, mimi nashika waya kwa vidole viwili, usikazwe wala usilegezwe. Kihesabio changu kilisema mizunguko elfu saba na mia nne na tatu. Maharagwe yalisema elfu saba na mia nne kamili.

"Mashine yako imeota," akasema.

"Punje zako hazioni chini ya mia."

"Zinaona haya tu, za kukusahihisha mbele za watu."

Akalehemu miguu ya waya, akafunga koili kwa uzi wa pamba. Alhamisi akasugua kutu kwenye vikazio, akaweka nyuzi mpya, uzi mnene mahali pake, yaani mahali pake yeye. Tundu la tatu hakuliziba. Alilisafisha kwa kijiti cha kiberiti, akalipuliza vumbi.

Ijumaa yule bwana akaja saa tatu. Alipoona gitaa liko mezani, akatabasamu. Alipolisogelea, tabasamu likaondoka.

"Mama, nyuzi hizi ziko vilevile. Na tundu hili? Nilisema lirudi kama lilivyotoka kiwandani."

"Kiwandani lilitoka na koili iliyokatika baadaye. Ya kwangu haijakatika mpaka leo."

"Ya kwako?"

"Mwanangu," mama akasema, "lete ile picha ya baba yako mdogo."

Alikuwa nayo garini. Akaileta, uso umeshakunjamana. Mama akaiegemeza kwenye kopo la vanishi.

"Uzi mnene kwenye gitaa unakaa juu au chini, mpigaji akilishika?"

"Juu. Kila mtu anajua."

"Hapo uko wapi?"

Akainama. Mimi nikampa lenzi yetu ya kutazamia nyaya. Katika picha baba mdogo anacheka, kichwa cha gitaa kimekwenda kushoto kwake kama cha watu wengine wote, na uzi mnene uko chini kabisa, karibu na mapaja. Amelishika gitaa la mtu wa shoto, na hata hakujua. Njia ya mwongo ni fupi, ila hii ilikuwa imechukua miaka mingi kufika kwenye meza yetu.

Si mtu wa kukubali haraka huyo, damu ya Kepteni.

"Picha inaweza kugeuzwa wakati wa kuchapwa," akasema. "Kulia ikawa kushoto."

"Isome ngoma basi," nikadakia. Sikuweza kujizuia. "Jina la bendi kwenye ngoma limeandikwa kinyume? Halijaandikwa kinyume. Kilicho kinyume hapo ni baba yako mdogo!"

"Wewe nyamaza kidogo," mama akaniambia, lakini hakuwa amekasirika.

Yule bwana akaiweka picha chini. Akasema pole pole, "Sawa. Tuseme wewe ndiye uliyekuwa unapiga. Sisemi hapana. Lakini gitaa limekaa kwetu miaka yote, na kesho nina wageni. Tufanye hivi, mama. Nyuzi ziache kama zilivyo. Ziba lile tundu moja tu la nyuma, lile lisilo na maana, nitundike. Mthamini amesema kila tundu linapunguza thamani."

"Lile lisilo na maana," mama akarudia.

Basi hapo ndipo mahali pake. Nikasimama.

"Tundu lile ni langu," nikasema.

Akanitazama kama mtu aliyesikia mota ikiongea.

"Mama alipokuwa na mimba yangu, mwezi wa tano, gitaa halikukaa tena. Tumbo linalisukuma, mkono haufiki. Mwingine angeacha. Yeye alitoboa tundu nyuma, karibu na shingo, akahamishia mkanda hapo, gitaa likapanda juu ya tumbo. Akapiga hivyo mpaka mwezi wa saba. Ndipo baba yako akamwambia tumbo, hata likiwa nyuma ya amplifaya, linawaondolea watu raha ya kucheza, akamvua chombo chake. Tumbo hilo ni mimi hapa. Unataka kuliziba? Lizibe wewe mwenyewe, nikuone."

Baba yangu mimi simjui. Alikuwa mpiga tarumbeta, akapuliza akaondoka, na sijawahi kumkosa. Lakini kwamba mama alinyang'anywa mkate na furaha siku moja kwa ajili yangu, na miaka yote hiyo hakunisimanga hata siku nilizostahili kusimangwa, hilo sikuwa nimeliacha hata saa moja tangu Jumatatu.

Mama akafungua droo, akatoa drili, akatia msumari wa kutobolea, mwembamba. Akalilaza gitaa juu ya gunia, akaweka alama kwa penseli upande wa chini.

"Mama, unafanya nini?" yule bwana akauliza.

"Bega langu la kulia limekwisha kwa kubeba mota. Mkanda haukai tena begani. Nataka nifunge kiunoni."

"Usitoboe! Mama, tafadhali, nimekwambia kila tundu linapunguza thamani!"

"Basi tulipunguze mpaka linitoshe," mama akasema, akabonyeza drili kwa mkono wa kushoto.

Unga wa mbao ukamwagika juu ya gunia, kwanza mweusi wa rangi ya geti, halafu mweupe. Yule bwana alinyoosha mkono, mkono ukaganda hewani. Sekunde tano, labda sita. Mama akapuliza tundu, akakaza kitufe.

"La kwanza lilikuwa la kiwanda," akasema. "La pili la shoto, la tatu la huyu, na hili la uzee. Nikipata jambo jingine nitatoboa jingine."

Akafunga mkanda kiunoni, akakaa kwenye kiti chake cha kazi, nikamchomekea waya kwenye amplifaya ya mteja iliyokuwa inasubiri kuchukuliwa. Umeme wetu unajulikana kwa ubovu, redio ya kinyozi jirani inanguruma siku nzima. Amplifaya ikawaka. Kimya. Hakuna mngurumo hata kidogo.

Halafu akapiga ule wimbo. Akakosea. Akasimama, akasonya, akaanza upya, akakosea mahali pengine, vidole vilikuwa vigumu. Mara ya tatu hakusimama tena, alikosea na akapita juu ya kosa lake kama hakuliona. Koleo zilizotundikwa ukutani zikaanza kutetemeka. Kinyozi akatoka nje na mkasi mkononi, mteja wake nyuma, kichwa nusu kimenyolewa.

Yule mwana wa Kepteni akakaa chini. Palipokuwapo pa kukaa ni ile mota ya pampu, na shati lake likapata grisi, hakujali.

"Nilikuwa nalazwa nyuma ya spika," akasema yule bwana baada ya mama kumaliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama yangu alikuwa anauza tiketi mlangoni, hana pa kuniacha. Nyimbo nilikuwa sizisikii vizuri pale nyuma. Nilikuwa naisikia hii tu, mgongoni." Akafuta uso kwa kiganja. "Mtu aliyekaa kwenye kiti pale nyuma, nilidhani ni fundi wa mitambo."

"Nilikuwa fundi pia."

"Kwa nini hukusema? Miaka yote hii, kwa nini hukusema?"

"Nilisema," mama akajibu. "Kila Jumamosi, miaka tisa nilisema. Mkacheza."

Mimi sikumwonea huruma, nisiseme uongo. Akainuka, akatazama gitaa kiunoni mwa mama, hakulidai. Akauliza tu, "Kesho kuna misumari miwili ukutani. Niweke nini?"

"Weka ukweli. Kama huna, acha misumari." Alipofika mlangoni mama akamwita. "Sanduku lako umelisahau. Sanduku ni lenu."

Jumamosi tulikwenda. Mimi sikutaka, mama ndiye aliyesema twende, akavaa gauni lake la kijani na viatu vilivyombana. Chumba kilikuwa kimejaa watu wazima wanaosifiana. Kwenye ukuta kulikuwa na tarumbeta, magitaa mawili, manyanga, ile ngoma kubwa yenye jina. Picha ya santuri ilikuwa katikati. Chini yake misumari miwili mitupu, na kadi iliyoandikwa kwa mkono, wino bado mbichi:

*Besi: Shoto, miaka tisa. Gitaa halipo hapa kwa sababu mwenyewe analitumia.*

Nikamshika mama mkono. Yeye akaisogelea kadi mpaka miwani ikagusa ukuta, akaisoma pole pole, halafu akasonya.

"Imepungua," akasema.

Akamwita mwana wa Kepteni kutoka katikati ya wageni wake, akamwomba kalamu. Akaegemea ukutani, akaandika kwa mkono wake wa kushoto, herufi kubwa zinazolala upande wake:

*Miezi saba ya mwisho tulikuwa wawili.*